Taa ya Kapya Musonda

Kila neno la sura hii ni kweli. Sikuota lolote, sikuongeza chumvi wala pilipili. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya majirani zangu wote wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, hata wale wanaonijua vizuri. Inspekta Mwenze alinisimulia mwenyewe, ameketi, hajanywa kitu zaidi ya chai. Basi sogeza kiti.

Wakati ule Zaire ilikuwa Zaire, wanaume walivaa abacost, koti la taifa lisilotaka tai, na hakuna aliyethubutu kuitwa kwa jina lake la ubatizo mahali penye watu. Kampuni ya Kafubu ilikuwa ikichimba shaba ya taifa katika mgodi wa Kasonta, nje kidogo ya Lubumbashi, na asubuhi hiyo mgodi ulikuwa umelala. Wachimbaji walijaa uwanjani, kofia za chuma vichwani, mikono mifukoni. Hakuna aliyeshuka. Chini ya miguu yao kilisikika kitu kimoja tu: pampu zilizokuwa zikivuta maji ya shimoni, zikipumua kama mzee mwenye kifua kibovu.

Inspekta Mwenze wa polisi ya upelelezi alipita katikati yao hadi kwenye dirisha la taa. Kila mchimbaji alipaswa kupita hapo kuchukua taa yake kabla ya kushuka, na kuirudisha akipanda. Nyuma ya dirisha alikaa Mwaba, mtunza taa, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Taa ya Kapya imeondoka leo?" Mwenze aliuliza.

"Imeondoka, Baba Inspekta. Kila asubui inaondoka, kila magaribi inarudia. Na inarudia na maji, sawa vile mutu ameiogesha."

"Nani anaichukua?"

"Mukono."

"Mkono wa nani?"

"Mukono tu. Angaria hii dirisha yangu." Mwaba alipitisha kiganja chake kwenye tundu. Halikuzidi upana wa mkate. "Babelgiji njo balifanyaka vile, juu batu basiibe. Mukono unaleta jeton, kichuma yenye jina, miye naangaria jina, naangaria musumari yake ku ukuta, natoa taa. Sura niliachaka kuziona zamani. Hata bibi yangu akikuja hapa, ninamujua paka kwa pete, kwa pete tu."

"Na mkono huu, ulikuwaje?"

Mwaba aliushika mkono wa Inspekta, akaubana kidogo, akauachia.

"Ya moto," alisema kwa sauti ya chini. "Njo kitu kinaniogopesha. Mufu angekuwa na mukono ya baridi, ningejua namna ya kusali. Huyu iko moto sawa wako."

Kapya Musonda alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Paa la handaki lilimwangukia. Walimtoa na kumzika, matanga yakakaliwa, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya mgodi. Lakini orodha mpya ya mwezi ilipobandikwa ukutani, jina lilikuwa pale, katikati ya Kalenga na Kasongo, limetulia kama mtu aliyerudi kutoka likizo. Watu walilisoma, wakavua glovu, wakakaa chini. Tangu hapo shaba ilisimama. Wao walisimama, taa ya Kapya haikusimama.

"Watu wote wamegoma," Mwenze alisema, "sasa nani anashuka?"

"Hakuna. Paka batu ba pampu, na bale banashuka mbele ya jua kutoka. Bakigoma bale, mugodi utajaa maji, tutavua samaki." Mwaba alicheka peke yake, kisha akaacha. "Baba Inspekta, ule mwanamuke mwenye balifunga, ni kweli alimwita Kapya?"

"Nani kasema alimwita?"

"Bote."

*

Mwanamke waliyemfunga alikuwa amekaa katika chumba kidogo pembeni ya chumba cha ordinateur, kompyuta ya siku zile, kwenye ofisi kuu ya kampuni mjini, mkoba mapajani, viatu vimepangwa sawasawa. Kwenye karatasi aliitwa citoyenne, yaani raia, Mwape. Jikoni kwake, na midomoni mwa wenzake masikio ya Chama yakiwa mbali, alikuwa Mama Angélique. Kazi yake ilikuwa kupiga kadi: kila jina lilitobolewa kwa mashine kwenye kadi ngumu, kadi zikalishwa ordinateur, ordinateur ikachapa orodha. Na kadi ya Kapya ilikuwa na alama ya mashine yake.

Mlangoni aliketi Numbi, mtu wa usalama, miwani myeusi machoni ingawa chumba hakikuwa na jua.

"Citoyen Inspecteur," Numbi alisema bila kuinuka, "shaba iko damu ya taifa. Mwenye kusimamisha damu njo muuaji. Ndege iko ku kiwanja ya Luano, inaondoka magaribi. Huyu mama ataipanda, ama utanipatia mwingine wa kupanda."

Mwenze aliijua ndege hiyo. Watu wengi wa Lubumbashi waliijua kwa kuisikia ikipita juu, wakanyamaza hadi ipotee.

Alivuta kiti akakaa mbele ya Angélique.

"Ulipiga kadi ya Kapya?"

"Alama iko yangu, basi nilipiga."

"Ulijua Kapya amekufa?"

"Baba, miye napiga kadi sawa mwenye kutwanga mahindi. Unaweza kuuliza mwenye kutwanga jina ya kila punje?"

"Nani alikuletea jina?"

"Bureau ya majina. Papa Chola anatuma fiche, karatasi ya jina, miye napiga, kisha tunachoma fiche. Ni wao njo banasema tuchome."

"Papa Chola anasema mwezi huu hakuleta mtu mpya hata mmoja."

Angélique alitazama viatu vyake. 

"Basi sijue," alisema. "Niko na batoto, Baba. Mukubwa hajue hata kuwasha makala. Basema tu kama niko ndoki, mulozi, banirudishe kwetu. Ndoki hawapandishwi ndege."

"Kuna wenye wanapanda bila ndege," Numbi alisema.

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka.

*

Chumba cha ordinateur kilikuwa baridi kama mochari. Mashine ilitaka hivyo, kwa hiyo mwendeshaji wake, kijana aitwaye Mwansa, alifanya kazi amevaa koti la sufu na skafu katika mji ambao watu nje walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Wenzake walimwita Askofu wa Ulaya.

"Nataka orodha mbili," Mwenze alimwambia. "Ya mwezi jana na ya mwezi huu. Nataka kujua zinatofautiana wapi."

"Kapya, si unajua?"

"Kapya nimeonyeshwa. Mtu akinionyesha kitu, nataka kuona na pale ambapo hakunionyesha."

Numbi alikuwa tayari amejaribu. Aliwaweka makarani wawili, mmoja asome huku, mwingine afuate kule. Majina yalikuwa maelfu. Mmoja alisinzia, mwingine, alipofika kwa Kapya, alianza rozari na hakuweza kuendelea.

"Wacha mashine isome," Mwansa alisema. "Haisinzii, na haikubatizwa."

Akaandika maagizo. Hayakuwa marefu: chukua kadi ya kwanza ya mwezi jana na ya kwanza ya mwezi huu. Zikifanana, pita. Zisipofanana, zichape zote mbili. Kisha ya pili na ya pili, ya tatu na ya tatu, hadi mwisho. Aliyapiga mwenyewe kwa vidole viwili, akitukana polepole kwa Kifaransa, akaweka kadi zake juu ya mafungu mawili, akabonyeza.

Mashine ilianza kumeza. Banza na Banza, kimya. Chanda na Chanda, kimya. Kabamba, Kalenga, kimya. Mashine ya kuchapa ilikaa pembeni bila kutikisika, na Numbi akavua miwani ili aitazame vizuri.

Halafu ikapiga kelele.

Karatasi ilitoka kwa kasi, ikajikunja sakafuni. Mwenze aliinama akasoma. Mahali pa Kasongo palikuwa na Kapya. Mahali pa Katebe palikuwa na Kasongo. Mahali pa Kyungu palikuwa na Katebe. Lenge alikuwa amesimama kwenye nafasi ya Lumbwe. Kila mtu alikuwa amevaa jina la jirani yake. Ukurasa baada ya ukurasa, mamia ya wanaume wazima, walio hai, wenye wake na madeni ya pombe, kila mmoja ameingia katika ngozi ya mwenzake, na mwanzoni kabisa mwa msafara huo alisimama mfu.

Mwansa alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati.

"Ameingia mu bote," alinong'ona.

Halafu mashine ikanyamaza. Ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kadi ziliendelea kumezwa hadi zikaisha, bila herufi hata moja zaidi.

Numbi alivaa miwani yake. Alikunja karatasi vizuri na kuiweka chini ya kwapa.

"Nilikuja na kosa moja," alisema. "Sasa niko nayo mamia. Asante, citoyen Inspecteur. Huyu mama hakugusa kadi moja. Aligeuza mugodi muzima."

Kupitia mlango uliokuwa wazi, Angélique alisikia. Alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena.

Mwenze alinyoosha mkono akaomba karatasi, na Numbi, kwa kuwa alikuwa na uhakika, akampa. Inspekta hakutazama mwanzo. Alitazama mwisho.

"Mwansa. Mstari wa mwisho unasema nini?"

"Mahali pa Mukuka kuna Mukalay."

"Anayefuata Mukuka ni nani?"

"Mulenga."

"Mulenga yuko wapi mwezi huu?"

Mwansa alichambua kadi. "Yuko mahali pake."

"Na wote baada yake?"

"Wote mahali pao, hadi mwisho."

"Mbona mashine ilinyamaza hapo?"

"Labda ilichoka."

"Mashine inachoka?"

"Hii inachoka, citoyen Inspecteur. Iko mutumishi wa serikali."

Mwenze alikaa ukingoni mwa meza. Alikuwa na desturi, akifikiri, ya kuzungusha kitufe cha shati lake hadi uzi ukatike. Mkewe alikuwa na kopo zima la vitufe vyake.

"Umewahi kupanga mstari wa unga kantini?" aliuliza.

"Nani hajapanga?"

"Wewe uko mahali pako. Anakuja mtu, anajipenyeza mbele yako. Umebadilika?"

"Nimekasirika."

"Lakini bado ni wewe. Umesogea hatua moja tu nyuma, na wa nyuma yako hivyo hivyo, hadi wa mwisho kabisa aliye juani. Mashine yako ilimwuliza kila mtu, 'Mbona hupo mahali pa jana?' Haikumwuliza, 'Wewe ni nani?' Hawa hawajabadilishwa. Wamesukumwa."

Mwansa aliinua kichwa kutoka kwenye skafu.

"Bon. Kapya ameingia, amesukuma bote. Iko sawa. Lakini…"

"Sema."

"Wangesukumwa hadi mwisho. Hadi Yumba, jina ya mwisho. Lakini kwa Mulenga hakuna mwenye alisukumwa."

"Kwa sababu gani, kwenye mstari wa unga?"

Mwansa alifikiri. Pumzi yake ilionekana katika ile baridi.

"Kwa sababu kuna mutu alitoka," alisema. "Alichoka, akaenda kwake. Nafasi yake ikaziba."

"Tumekuwa tukimtafuta aliyeingia," Mwenze alisema. "Hakuna aliyeuliza kuhusu aliyetoka."

Numbi alitazama saa. "Hiyo iko hadisi. Kinshasa haipokei hadisi. Karatasi inasema mamia."

"Karatasi ilijibu swali baya. Tuiulize zuri. Mwansa, andika hivi: kadi mbili zikikataana, isipige kelele. Ijaribu kuiruka ile ya mwezi huu, ione kama zinazofuata zinapatana. Ijaribu kuiruka ya mwezi jana. Ijaribu kila njia, na mwisho ishike ile njia inayoruka kadi chache kuliko zote. Hizo ilizoziruka, izichape. Nataka tofauti ndogo kabisa iwezekanayo kati ya mwezi jana na mwezi huu. Hiyo ndiyo iliyofanyika. Nyingine zote ni vumbi lake."

"Kuandika naweza," Mwansa alisema. "Kupiga, na vidole yangu hii miwili, ndege itakuwa imefika Kinshasa na kurudi."

Wote watatu waligeuka kutazama mlangoni.

"Hapana," Numbi alisema.

"Simama nyuma yake," Mwenze alimwambia. "Hesabu kila tundu."

Basi mwanamke aliyeshtakiwa aliletwa kwenye mashine yake. Alifuta vidole kwa kanga, akasoma mwandiko wa Mwansa, akauliza, "Hii iko sita ao iko b?" na Mwansa akaona haya. Kisha akapiga. Inspekta aliniambia hajawahi kuona mikono ya namna ile: uso ulikuwa umekufa kwa hofu, lakini mikono haikuwa na habari. Numbi alisimama nyuma yake amekunja mikono. Mahali fulani juu ya paa ndege ilipita, na mikono ya Angélique ikasimama, sauti ikapita, mikono ikaendelea.

"Ile iko ya kwenda Mitwaba, ndogo," Numbi alisema. "Haiko yako. Piga."

Mwansa aliweka kadi mpya juu ya mafungu. Mashine ilimeza tena. Banza, Chanda, Kalenga. Walifika mahali pa kelele, na kelele haikuja. Mashine ilisita, ikarudi kuhesabu ndani ya tumbo lake, taa zake ndogo zikapepesa, na ikaendelea. Kasongo alikuwa Kasongo. Katebe alikuwa Katebe. Mamia ya wanaume walirudi mmoja mmoja ndani ya ngozi zao. Ilipofika mwisho, mashine ya kuchapa iligonga mara chache tu, kwa adabu, ikatoa kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, aliyeingia juu, aliyetoka chini:

ENTRÉ: KAPYA MUSONDA
SORTI: MUKUKA CHISHIMBA

"Mukuka njo nani?" Numbi aliuliza.

Hakuna aliyemjua. Mtu alikuwa ametoka katika orodha ya mgodi, na hakuna mke aliyelia, hakuna msimamizi aliyeuliza, hakuna rafiki aliyesema fulani haonekani. Hilo ndilo lililomtisha Mwenze. Mfu ana majina mengi mdomoni mwa watu. Huyu aliye hai hakuwa na hata moja.

Alipiga simu ofisi ya majina.

"Papa Chola, ni Mwenze tena. Asubuhi nilikuuliza kama mwezi huu kuna mtu aliingia."

"Nilikujibu, hakuna mutu mupya."

"Sasa nakuuliza: nani alitoka?"

"Hakuna mwenye alitoka."

"Mukuka Chishimba yuko wapi?"

"Eko ku pampu. Si tangu zamani eko ku pampu? Alibadilisha tu jina. Raisi wa Chama alisema tuache majina ya wazungu, tubebe ya bankambo, babu zetu. Bengine balifanya mbio mbio. Yeye alisema angoje kwanza kilio cha mujomba wake kiishe. Kilipoisha, akakuja na jina ya mujomba. Miye nikagonga cachet ku karatasi yake, nikamupongeza hata."

"Na hukuona vema kuniambia?"

"Citoyen Inspecteur," Chola alisema, ameudhika, "uliniuliza mutu mupya. Huyu haiko mupya."

*

Walimleta kwa gari la kampuni, moja kwa moja kutoka shimoni, taa ingali kiunoni. Maji yalimdondoka sakafuni katika chumba kile cha baridi. Alikuwa kijana mwembamba, lakini alitembea kama mtu mzito, akiweka mguu mzima chini, na alipoingia alimsalimu Mwenze kama mzee anavyomsalimu mdogo wake.

"Wewe ni Mukuka?" Mwenze aliuliza.

"Niko Kapya."

"Mjomba wako alikuwa Kapya."

"Kilio kiliisha. Famille yote ya Kasenga ilikuja. Balinikalisha ku kitanda, balinipatia mukaba yake ya kiuno, balinipatia maji ya kunywa, balinipatia bibi yake na batoto. Balinipyanisha. Batoto bananiita tata, baba yao. Basi niko Kapya."

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Kwa watu wa mto Luapula, kama hao wa Kasenga, mtu mzima akifa, jina halizikwi naye. Mpwa anaketishwa mahali pake, na tangu siku hiyo yeye ndiye. Mukuka hakuwa ameiba jina. Alikuwa amehama.

"Watu wamegoma kwa ajili yako," Mwenze alisema. "Mama huyu karibu apandishwe ndege. Mbona hukusema?"

"Ningesema na nani? Kila mwenye nilimukaribia alisikia jina, akakimbia mbele sijafungua kinywa."

Angélique alitoa sauti ndogo, nusu kicheko, akaizuia kwa kanga.

Numbi alisogea. "Jina uliyozaliwa nayo iko wapi?"

"Ile iko ya mutoto mwenye nilikuwaka."

Inspekta Mwenze alipaswa kuishia hapo. Kesi ilikuwa imekwisha; karatasi mbili za mashine na muhuri wa Chola vilitosha. Lakini mpelelezi ana ugonjwa wa swali moja zaidi.

"Kapya alikufaje?"

Kijana alimtazama bila haraka.

"Nilisikia mbao zinalia," alisema. "Nikasema nitamaliza tundu hii moja, kisha nitoke. Mawe yakakuja. Haiumaki. Inakuwa paka kimya, sawa vile siku pampu zinasimama. Unasikiliza, unasema, sasa zitaanza. Unangoja."

Hakuna aliyekuwa karibu na Kapya siku ile handakini. Hakuna aliyeweza kusimulia.

Na hapo ndipo Numbi, mtu wa usalama, tishio la mji mzima, aliruka kama mbuzi aliyekanyaga makaa. Kofia ilimdondoka na hakugeuka kuitazama. Alipita mlangoni, akapita ngazi, akapita gari lake mwenyewe, viatu mkononi, akakata njia yote ya Luano kwa miguu, na wauza karanga wa barabarani wanasema hadi leo kwamba vumbi lake halikutua siku hiyo. Angélique akaenda kwake. Asubuhi iliyofuata Mwaba alimsimamisha Kapya mbele ya dirisha la taa, akamtazama usoni, uso wa kwanza tangu zamani, akawatangazia watu: "Batu, haiko mzimu. Balimupyanisha." Watu wakasema, kumbe, wakachukua taa zao, wakashuka. Mfu anayerudi bila mpango wanamkimbia. Aliyeketishwa na familia yake wanampa mkono.

Nilimaliza kusoma hivyo, jana, kwa sauti, uani kwangu. Wasikilizaji walicheka sana kwa ajili ya ile kofia. Mmoja hakucheka. Mama Angélique anakaa upande wa pili wa ukuta wangu. Macho hayaoni vizuri tena, lakini masikio yake ni mazima.

"Kofia gani?" aliuliza.

"Ya Numbi."

"Numbi hakuwaka na kofia."

Nikasema labda Inspekta alisahau.

"Hakukimbia," alisema. "Uko muongo, jirani. Yote uliisoma muzuri, hata vidole vya Mwansa, kisha ukafika hapa ukatia mbuzi."

Nikaweka karatasi chini. Watu wakamgeukia.

"Alitoa lunettes zake nyeusi," Angélique alisema. "Akakaa chini, hapo hapo ku maji ya ule mutoto. Akamwuliza polepole, sawa mutu anauliza njia: 'Kule, ulimwona Wivine?' Alisema Wivine. Yeye mwenye alikuwa anafunga batu juu ya majina ya ubatizo. 'Iko mutoto wangu,' akasema. 'Iko mudogo, anaogopa giza.'"

"Na Kapya?"

"Kapya alikaa naye chini. Akamwambia: 'Nilimwona. Kuko mama mumoja anamufunika usiku.' Numbi akafanya vile na kichwa, sawa mutu anaitika. Kisha akasimama, akanifungulia mulango, akaniambia, 'Mama Angélique, enda kwako, batoto bako na njaa.' Njo vile nilitokaka. Hakuna mwenye alicheka."

Niliuliza kama anadai faini ya uongo wangu. Akasema anadai: bia mbili za Simba, baridi, na kikanda, ile keki ya viazi-pori na karanga, kipande kinene, si kile cha pembeni. Nikavaa viatu nikaenda hadi sokoni mwenyewe. Niliporudi alikuwa bado ameketi pale pale, watu wote wamemzunguka, hakuna aliyegusa kiti changu. Nikamfungulia chupa. Akanywa, akala, akasema kikanda hakina pilipili ya kutosha, nikarudi sokoni.